Chumba Kitupu katika Wimbo wa Mama

Liverpool, Sydney
Jumapili, 10 Agosti 2025

Papa wangu mpendwa,

Amani ya Bwana ikukute umeketi, si umelala. Natumaini uvimbe wa miguu umepungua, na vile vidonge vipya unavimeza kweli, huvifichi chini ya ulimi kama ndugu yangu Patient anavyokusemea. Amenisemea pia kwamba chumvi bado unaiiba jikoni. Papa, chumvi acha. Mtu wa miaka sabini na tisa kukimbizana na mke wa mwanawe kwa ajili ya kijiko cha chumvi ni habari isiyostahili kuvuka bahari.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Armelle ametimiza miaka kumi na minne, amenizidi kimo, na viatu vyangu sasa ni vyake. Kiswahili anakisikia chote, hata umbea, lakini ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza; maneno yanamfika masikioni, kinywani hayafiki. Baba yake bado yuko Perth, na hapo naomba tuache. Ni majira ya baridi. Tuna kipasha joto kimoja, kwa hiyo jioni tunakaa sebuleni, yeye na simu yake, mimi na chai yangu, kila mtu na nchi yake.

Najua umeshangaa kupata barua wakati watu wote siku hizi wanatumiana sauti kwenye simu. Lakini Patient ameniambia kwamba masikio yamefunga kabisa. Anasema akikuwekea sauti yangu sikioni unatabasamu kwa adabu, kama mtu anayesalimiwa kwa lugha asiyoijua. Nilipoambiwa hivyo nilikuwa kituo cha treni, nikalia hadi treni yangu ikanipita. Basi nimeona niandike, kwa mkono, herufi kubwakubwa, maana macho unayo.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne na kufungwa kwa uzi mwekundu. Usiifungue kwanza. Najua wewe si mtu wa kungoja, kwenye kwaya uliwahi kumtoa nje mzee wa kanisa kwa kuchelewa nusu pigo, lakini safari hii nakuomba unisome mpaka mwisho. Karatasi ile ndiyo uliyoniomba. Ni wimbo namba thelathini na moja, wimbo uliomtungia Mama wiki ile aliyofariki, tukauimba pale kaburini, kambi ya Nyarugusu. Kwa miaka mitatu umekuwa ukimtuma Patient aniambie ninakili nota zake kutoka kwenye daftari lako nizitume, kwa sababu ukiziona utausikia. Kwa miaka mitatu nimejibu kwamba nina kazi nyingi. Leo zimo humu. Ila hazikutoka kwenye daftari, na ili uelewe zilikotoka lazima nikueleze kwanza habari za Mjerumani mmoja.

Kazi yangu unaijua: natunza wazee katika nyumba moja karibu na Westmead. Nawaosha, nawalisha, nawageuza, nawasikiliza. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, waliniletea mzee mpya katika chumba cha kumi na nne, jina lake Hartwig Brenneis. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wake wa kulia na nusu ya uso. Hakuwa na mtoto. Mkewe, Mwaustralia, alikuwa amefariki. Pale mlangoni kuna kitabu ambacho wageni huandika majina, na kwa miezi minne jina pekee lililoandikwa mbele ya lake lilikuwa la mtu wa kukata kucha.

Mwanzoni alikuwa mkali kama wewe. Kwenye ukumbi wa chakula kuna kinanda cha umeme ambacho hupigwa wakati wa Krismasi, na kila aliposikia mtu anakibonyeza alifumba macho kama anayechomwa sindano. Mwenzangu Darlène, yule Mrundi niliyewahi kukutajia, aliniambia nimwache, ni mzee wa kisirani. Mimi nikamjua mara moja. Nikamwambia Darlène kwamba huyo si mtu wa kisirani, huyo ni mwalimu wa kwaya.

Sikukosea sana. Siku nilipomwambia kwamba baba yangu naye hufumba macho hivyo hivyo, alianza kunisimulia maisha yake. Alikuwa akinisimulia kipande kwa kipande, nikimvalisha soksi, nikimnyoa, kwa Kiingereza cha kukwamakwama maana ulimi nao ulikuwa umelegea. Alizaliwa mwaka mmoja na wewe, katika mji mdogo wa Ujerumani ya mashariki, na mama yake alikuwa akifagia kanisa. Akifagia, mtoto alikaa kwenye benchi la kinanda ili asizurure. Si kinanda kama kile chetu cha kambini kilichokula betri za gari, Papa. Hiki kina mabomba mamia, mengine marefu kupita nyumba, na mpigaji hutumia mikono yote miwili na miguu yote miwili. Alisema alipofika miaka kumi na miwili alikuwa akipiga ibada nzima, na miguu yake ilikuwa haijafikia vizuri, ikabidi mama yake amshonee viatu vyenye soli ya mbao.

Kutoka hapo akaenda kusomea muziki mjini Leipzig, akawa mwanafunzi wa mpigaji mmoja mzee aliyeitwa Thielke. Baadaye alipata kanisa kubwa la matofali huko kaskazini karibu na bahari, akatunga, akasafiri, akarekodiwa. Alitunga nyimbo za kinanda na za kwaya zaidi ya mia moja. Alikuja Sydney kwa tamasha la wiki moja, akakutana na mwanamke aliyekuwa akimfungulia kurasa za nota, wiki ikawa miaka thelathini na minane. Huku hakuwa mtu mkubwa tena. Alipiga kinanda katika kanisa la mtaani huko Parramatta kwa miaka ishirini na miwili, harusi, maziko, na Jumapili za watu kumi na watano. Tungo zake zilikuwa chini ya kitanda, ndani ya masanduku matatu ya ndizi. Nilipomuuliza nani atazichukua, alijibu kwamba mchwa wa Australia nao wana haki ya kusoma. Alicheka, nami nikacheka, lakini ile nusu ya uso isiyocheka ilinihuzunisha.

Sasa nikuambie kosa lililotokea, maana bila kosa hilo barua hii isingekuwapo.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa Aprili, kama saa nane mchana. Nilikuwa natandika kitanda chake. Mezani palikuwa na karatasi, na juu yake, kwa mwandiko wa mkono wa kushoto uliokuwa ukitetemeka kama wa mtoto wa darasa la kwanza, kulikuwa na herufi sita: d d s f s d. Papa, mimi sikufikiri. Wewe ulitupiga herufi hizo kichwani tangu tukiwa hatujui hata kusoma majina yetu. Mikono yangu ikiwa kwenye shuka, mdomo ukaimba wenyewe: do, do, so, fa, so, do.

Mzee Hartwig aligeuka kwenye kiti. Akaniuliza nimeimba nini. Nikamwambia nimeimba alichoandika. Akasema katu hakuandika hicho. Nikamwonyesha karatasi. Akakasirika, nami nikakasirika, tukabishana kama watu wawili wanaogombea mbuzi mmoja, kumbe kila mtu ana mbuzi wake. Kwao Wajerumani nota hazina do re mi, zina herufi tu, na d yao ni sauti moja isiyohama, iwe sherehe au msiba. Ile wanayoiita es, yeye aliandika s peke yake ili asiuchoshe mkono. Kwa hiyo alichoandika kilikuwa sauti tatu zilizobanana, zinapanda hatua fupi na kurudi zilikotoka. Alisema ndio mwanzo wa wimbo aliotaka kuutunga kuhusu mtu anayezunguka ndani ya chumba kimoja. Hakuwahi kusikia kwamba kuna watu duniani wanaoandika kwaya nzima kwa herufi za do re mi bila mistari mitano. Nilipomweleza kwamba baba yangu aliandika nyimbo hamsini na nane za sauti nne kwa namna hiyo, kambini, kwa kalamu ya risasi, aliisogeza ile karatasi mbele yangu.

Halafu akaniambia niimbe tena. Nikaimba zile sita, na sikuweza kuishia hapo. Mi mi re do ikafuata yenyewe, na re so, na maneno yakaja: "Umetangulia, mwenye kuwasha moto." Nikaketi juu ya kitanda nilichokuwa nimekitandika. Ulikuwa wimbo wa Mama, Papa. Nilikuwa nimeutafuta kichwani mwangu kwa miaka bila kuupata hata mwanzo wake, na mzee asiyejua lolote alikuwa ameuandika kwa bahati mbele ya macho yangu.

Najua swali ulilo nalo hapo. Unajiuliza kwa nini nilihitaji kuutafuta kichwani wakati daftari ninalo. Nivumilie kidogo.

Kuanzia siku hiyo, kila Jumanne na Alhamisi zamu yangu ilipoisha, nilimsukuma kwenye kiti chake mpaka kwenye kile kinanda cha ukumbini. Mimi niliimba, yeye akapiga kwa mkono wa kushoto, na kuandika. Sauti yangu ya alto niliikumbuka karibu yote, na ya tenori pia, maana walisimama nyuma yangu. Sauti ya juu niliikumbuka kwa sababu Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiongoza katika nyimbo nyingine, na wewe uliitunga kwa koo lake ingawa koo lilikuwa limeshanyamaza. Besi zilitushinda, hadi nilipomkumbuka Blaise fundi viatu, aliyekuwa akiingia mapema kila mara nawe ukimtupia chaki. Nikamwimbia Mzee Hartwig makosa ya Blaise, akayasogeza mbele pigo moja, na besi zikakaa mahali pake. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Alisema katika kazi yake yote hakuwahi kusaidiwa na mwimbaji mbovu kiasi hicho.

Huyo mzee hakubuni nota hata moja. Kila mara aliniuliza kama nina hakika, na niliposema labda, alifuta. Nilimpenda zaidi alipokuwa akifuta. Nilikuwa nikiona kichwa chake kimeinama, naona chako.

Zile sehemu za wimbo ulizokuwa ukizitenga kwa mistari ya wima, wewe uliziita vyumba, ukatuambia kila nota ikae chumbani kwake isitembelee wenzake. Wimbo wa Mama una vyumba thelathini na viwili. Kufikia mwanzo wa mwezi wa Juni tulikuwa tumevijaza thelathini na kimoja. Cha ishirini na saba kilibaki kitupu, sauti zote nne. Nilijaribu kukifikia kutoka mbele, nikajaribu kutoka nyuma, nikakaa kwenye treni nikikisaka. Hakuna kitu. Kisha nikajua sababu. Pale kaburini, tulipofika chumba hicho, mimi nilianza kulia nikaacha kuimba. Na kila mwaka tulipourudia kwenye kumbukumbu yake, nikifika hapo nilimeza mate, nikangoja, nikaingia na wenzangu katika cha ishirini na nane. Papa, mimi chumba hicho sikuwahi kukiimba. Nilikisikia tu, kupitia kilio changu, nacho kilio hakitunzi nota.

Nikamwomba Mzee Hartwig akijaze. Nilimwambia yeye ni fundi, ametunga zaidi ya mia, kwake chumba kimoja ni nini, na wewe huenda usijue. Akakataa. Nikabembeleza, akakataa, na siku hiyo ndipo aliponieleza jambo alilosema hakulisema hata kwa mkewe.

Yule mwalimu wake, Thielke, alifariki akiwa anatunga ombolezo kubwa la kinanda na kwaya, na mwisho wake haukuwa umeandikwa. Hartwig alikuwa na miaka ishirini na sita. Wakamwomba alimalizie, akalimalizia. Lilipopigwa, watu walisema huwezi kujua mwalimu ameishia wapi na mwanafunzi ameanzia wapi. Hapo ndipo alipopata jina, na kanisa la matofali, na safari, na kila kitu. Lakini usiku ule wa kwanza wa kupigwa, mjane wa Thielke alimfuata akamshika mkono, akamwambia kwa upole kwamba mumewe alikuwa ameshamwimbia mwisho wenyewe, jikoni, mara mbili tatu, naye alikuwa akiusikia kichwani kila siku tangu msiba. Sasa, akasema, siusikii tena. Nasikia wako.

Mzee Hartwig alisema sifa zote alizopata baadaye zilisimama juu ya maneno hayo. Akaniuliza kama baba yangu yu hai. Nikasema yu hai, ila hasikii. Akasema basi huenda chumba hicho bado kinaimba ndani yake, na yeye hatakwenda tena kumzibia mtu. Akachora mistari miwili ya wima, katikati akaacha weupe, akaandika chini yake namba nne, maana yake hesabu mapigo manne ukiwa kimya.

Sasa, Papa, lile swali lako. Naandika polepole kwa sababu mkono hautaki.

Daftari sina. Nililipoteza mwaka wangu wa kwanza hapa.

Tulikuwa tunaishi Cabramatta, ghorofa ya pili, na siku ya kuhamia Liverpool ndugu mmoja wa kanisani alikuja na gari lake. Nikashusha maboksi yetu moja moja nikayaweka kwenye majani kando ya barabara. Pale nje tayari palikuwa na magodoro, viti, makabati ya watu wengine, nami mshamba nikafikiri majirani wote wanahama siku moja na sisi, nikafurahi kwamba tuko wengi. Sikujua kuwa huku kuna siku ambayo manispaa hupita kukusanya vitu ambavyo watu hawavitaki. Nikapanda juu kumchukua Armelle na sufuria ya mwisho. Niliposhuka, majani yalikuwa matupu. Nikalikimbilia lile lori na mtoto mgongoni mpaka kwenye taa za barabarani, zikawa kijani, likaenda. Daftari lako lilikuwa kwenye boksi la blanketi. Ulinipa kwa sababu kambini mchwa na mvua vingelimaliza, ukasema kwangu litakuwa salama. Nyimbo hamsini na nane, Papa. Maisha yako yote.

Jioni hiyo hiyo ulipiga simu. Hukuuliza habari za nyumba mpya, uliuliza daftari. Nikasema lipo, nimelifunga kwenye nailoni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na mmoja, sijui wao walipima kwa hatua za nani. Uongo ule ulizaa mwingine. Nilikuambia nafundisha kwaya hapa Liverpool na nyimbo zako zinaimbwa. Si kweli. Kwaya ipo, ila mimi simo. Waliponiomba niimbe nilisema nina ugonjwa wa koo, na Jumapili nakaa benchi la nyuma, nikitoka wa kwanza nisisalimiwe. Tangu lile lori sikuimba tena, hata nikiosha vyombo, mpaka siku ile ya herufi sita. Ningeimbaje wimbo wako kwa mdomo uliokudanganya? Kila siku ya kazi treni yangu inasimama Cabramatta, asubuhi na jioni, na mara zote naangalia sakafu mpaka milango ifungwe. Nimekuwa mpweke sana huku, Papa. Nilidhani ni kwa sababu ya ugenini, au ya baba yake Armelle. Nadhani ni daftari. Mtu mwenye siri ya namna hiyo hakai na watu, hata akiwa katikati yao.

Wa kwanza kumwambia ukweli alikuwa Mzee Hartwig, siku ile ya mjane. Sikumwambia Patient, wala mchungaji. Hakunilaumu, wala hakunituliza. Alisema daftari halijapotea lote maadamu aliyeliandika anapumua, na akaniambia niandike barua. Mimi nikaahirisha, kama kawaida yangu.

Alifariki Julai tarehe kumi na saba, asubuhi, baada ya chai. Zamu ilikuwa yangu. Nilimwosha mwenyewe, na ule mkono wa kushoto ulikuwa bado na weusi wa risasi kwenye kidole.

Ibada ilikuwa katika kanisa alilolipigia miaka ile ishirini na miwili. Tulikuwa watu kumi na mmoja, mimi na Armelle na Darlène tukiwamo. Alikuwa ameacha maagizo kwamba usipigwe utungo wake hata mmoja. Alitaka wimbo wa Mama tu, na juu ya karatasi ya kinanda aliyoinakili kwa mkono ule wa kushoto alikuwa ameandika jina la mtunzi: Mwalimu Bahizire, Nyarugusu. Lake hakuliandika popote. Mchungaji alilisoma jina letu vibaya, akalirudia, akaliharibu zaidi, lakini lilisomwa, Papa, kwa sauti, chini ya mabomba yale marefu kupita nyumba.

Msichana anayepiga kinanda pale akaanza. Do, do, so, fa, so, do. Sijui nikueleze vipi. Besi za Blaise zilitikisa benchi nililokalia. Nilikuwa nimeazimia kusikiliza tu. Kikaja chumba cha ishirini na sita, kikaisha, na kinanda chote kikanyamaza. Kanisa zima kimya. Armelle akaniinamia akanong'ona, "Mum, is that it?" Alidhani umekwisha; nikamwashiria angoje. Mzee Hartwig alikuwa ameniambia kwamba pale nisilie, nihesabu, kulia kupo baadaye. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilipita chumba kile macho makavu, na chumba cha ishirini na nane kilipoanza nilikuwa nimesimama, ninaimba. Hakuna aliyeniomba. Niliimba mpaka mwisho kwa Kiswahili, watu wakageuka kuniangalia, na mwanangu akaniangalia kama mtu aliyekutana nami siku hiyo.

Kwenye treni ya kurudi aliniuliza mengi, kwa Kiingereza chake, kuhusu wewe na kuhusu bibi yake. Tulipofika Cabramatta sikuangalia sakafu. Nikamwonyesha barabara ile, nikamweleza. Tulipokuwa tunashuka Liverpool akasema nikuambie. Basi nimekuambia.

Sasa fungua ile karatasi. Nimeihamisha yote kwenye herufi zetu, sauti nne, vyumba kama ulivyovipanga. Pitisha macho taratibu, chumba kwa chumba, na ukikuta kosa ujue ni langu. Ukifika cha ishirini na saba utakikuta kitupu. Kama bado unakisikia, kijaze, kisha Patient anitumie picha. Kama kimekutoka hata wewe, usibuni kwa ajili ya kunifurahisha. Kiache hivyo hivyo, nami nitakiimba kikiwa kitupu maisha yangu yote. Na kama umekasirika, una haki, lakini nikasirikie kwa maandishi. Hata matusi yako nitafurahi kuyaona, kwa sababu ni mwandiko wako.

Nisalimie Patient na mkewe na watoto, nisalimie Blaise kama bado anashona viatu, na mwambie kwamba makosa yake yamefika mbali. Ukipita kaburini mwambie Mama nimeanza tena. Mjukuu wako Armelle anasema "Hi Koko," na ameniambia niandike hivyo hivyo. Mungu akulinde mpaka tuonane, hapa au kule.

Mimi mwanao niliyekudanganya,
Lydie

Nilikuwa nimesahau. Hicho kipande cha kalamu ya risasi kilichomo kwenye bahasha kilikuwa cha Mzee Hartwig. Ni laini sana, usikikandamize.